Rangi ya Kazi Iishie Kazini

Siku Nzisa alipoambiwa amfundishe binti wa mwenye duka mahali pa kuvuta pumzi, ndiyo siku aliyojua kwamba hasira ikizidi kipimo humfanya mtu atulie. Sauti haikupanda. Lakini mambo hayakuanzia siku hiyo wala mahali hapo. Yalianzia dukani, mjini Wote, kwenye sinki la nyuma.

Duka hilo liliuza sofa, vitanda, friji na televisheni. Mwenyewe alikuwa Mzee Mulei, mtu wa suti hata kwenye joto la Januari, mzee wa kanisa na mlezi wa kwaya. Nzisa alikaa kwenye meza ya mbele, karibu na mlango. Kazi yake ilikuwa kumpokea mteja, kumkalisha kwenye sofa lililo laini kuliko yote, na kuhakikisha hasimami mpaka ameanza kuulizia bei. Aliifanya vizuri. Mzee Mulei mwenyewe alikuwa akisema kwamba Nzisa angeweza kumuuzia friji mtu asiye na stima nyumbani.

Sharti la kwanza alilopewa siku ya kuajiriwa lilikuwa uso.

"Mteja akiingia hapa anakuja kununua raha," Mzee alimwambia. "Hataki kuona uso unaofanana na kiangazi. Jipake. Uliza wenzako."

Nzisa alikuwa mtoto wa Kalamba, amelelewa na mama ambaye kipodozi chake cha pekee kilikuwa mafuta ya mgando. Aliyemfundisha kujipaka ni Nthenya, msichana wa kaunta ya simu. Nthenya alimwonyesha kwamba mafuta yapewe muda wa kuingia kwenye ngozi kabla ya kitu kingine chochote; kwamba fandesheni haisuguliwi kama sufuria, inapigwapigwa kidogo kidogo kwa sponji iliyolowa; kwamba nyusi zinajazwa kwa penseli kufuata zilivyoota, hazichorwi upya kama ramani. Mdomo wa kazini ukawa wa kahawia, karibu na rangi ya mdomo wenyewe. Na kwa sababu vumbi na jasho la Wote haviheshimu uso wa mtu, adhuhuri mtu haongezi poda juu ya jasho, maana itashikana vipande kama unga uliomwagikiwa na maji. Anachukua karatasi laini, anakandamiza, basi.

"Na ukiwa unatoka jioni," Nthenya alisema, "usifute yote uanze tena. Ni kupoteza bidhaa. Kandamiza jasho, ongeza wanja, badilisha mdomo uwe mzito kidogo. Uso wa mchana unakuwa wa jioni, na mtu hajui ulitoka kazini."

Nzisa aliyapenda hayo. Tusimsingizie kwamba alilazimishwa tu. Kulikuwa na dakika chache kila asubuhi, watoto wakivaa viatu, ambapo alijitazama kwenye kioo na kumwona mwanamke aliyejitengeneza kwa mikono yake, naye alimpenda huyo mwanamke.

Lakini uso huo wa jioni hakuuvaa. Mzee Mulei alikuwa na sharti la pili, na hilo liliwahusu wafanyakazi waliokuwa washirika wa kanisa lake. Duka likikaribia kufungwa, walitakiwa kupitia nyuma, kwenye sinki, wanawe uso kwa sabuni ya kipande kabla ya kutoka mlangoni. Alikuwa na msemo wake: rangi ya kazi iishie kazini. Aliutamka kama mtu anayesoma Maandiko, ingawa hakuna sura wala mstari wenye maneno hayo.

"Wanatuosha kama magari," Nthenya alisema siku moja akimtazama Nzisa akijisugua. Yeye hakunawa. Mzee alipomuuliza alijibu, "Mimi ni Mkatoliki, Mzee. Sisi sabuni yetu ni nyingine." Na hakuguswa.

Nzisa alinawa. Alinawa mwaka wa kwanza, akanawa na miaka iliyofuata, bila kunung'unika. Hakuwa mtu wa kupenda kanisa lisilo na sheria. Aliamini kwamba mahali ambapo kila mtu anafanya atakavyo hapawezi kumlea mtoto wala kumzika mtu kwa heshima. Kama kanisa lilitaka anawe, atanawa.

Na alikuwa na sababu kubwa kuliko hiyo. Nzisa ndiye aliyekuwa mwimbishaji wa kwaya. Yeye ndiye aliyesimama mbele, hatua moja kutoka kwa wenzake, akaanzisha na wengine wakajibu. Wimbo uliowafanya wajulikane Makueni na hata ng'ambo ya Kitui aliutunga mwenyewe, kwa Kikamba, akipanda kutoka mto Kaiti na mtungi wa maji mgongoni, mukwa, ule mkanda wa kubebea mzigo, umemkaza kwenye paji la uso. Ulikuwa wimbo wa mwanamke anayechimba mchanga kutafuta maji na kumwambia Mungu kwamba bado anachimba. Watu wazima walikuwa wakilia ukiimbwa. Mahali hapo pa mbele ndipo palikuwa pake duniani. Nyumba ilikuwa ya kupanga, duka lilikuwa la mwingine, mume alikuwa fundi wa mawe Kitui na alikuja mwisho wa mwezi. Lakini ile hatua moja mbele ya kwaya ilikuwa ya Nzisa.

Ndipo Kavindu, keshia wa duka, alipohamishiwa tawi la Kitui, na wenzake wakaandaa chakula cha kumuaga katika hoteli moja hapo mjini, Ijumaa baada ya kazi. Mzee Mulei ndiye aliyetoa mbuzi. Alikuja, akakaa kichwa cha meza, akaombea chakula, akala mbavu, akaondoka.

Nzisa alikuwa hajanawa. Wateja wa mwisho walichelewa kutoka, wenzake wakawa wanaita nje, na Nthenya akamshika kidevu palepale mlangoni akamwongezea wanja na mdomo wa rangi ya damu ya mzee. "Leo tu," alisema. "Unaenda kumuaga rafiki, huendi kuiba mume wa mtu." Nzisa alicheka. Alienda akiwa na uso wa jioni kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akala, akanywa soda, akasimulia hadithi za wateja wabishi mpaka Kavindu akatokwa na machozi ya kicheko. Akarudi kwa watoto mapema.

Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa walimwita kwenye chumba cha nyuma. Mzee Mulei ndiye aliyesema.

"Ulionekana Ijumaa ukiwa umejipaka kama watu wa barabarani."

"Nilionekana na nani, Mzee?"

"Na mimi."

"Na Ijumaa asubuhi hukuniona?"

"Asubuhi ulikuwa kazini. Dukani ile ni sare, kama askari na kofia yake. Ukitoka nayo nje inakuwa mapambo, na mapambo yana maana yake."

"Ni rangi ileile, Mzee. Duka likifungwa inageuka?"

"Usinifanyie ujuaji, Nzisa. Mwimbishaji wetu hawezi kukaa hotelini na midomo namna ile."

Wakamweka chini ya nidhamu. Maana yake ni kwamba atakaa benchi ya nyuma kabisa, hatashiriki Meza ya Bwana, hataimba, mpaka siku atakayosimama mbele ya kanisa na kutubu. Wazee wale wengine waliangalia viatu vyao. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyeianzisha hiyo sare.

Mumewe alipoelezwa kwa simu aliuliza, "Kwani ulijipaka nini, lami?"

"Nyamai, usinichekeshe. Wamenitoa kwenye kwaya."

"Sikuchekeshi. Nauliza, kwa sababu huyo mzee anakulipa ujipake. Sasa anataka nini? Nusu uso?"

Alikaa benchi ya nyuma. Jumatatu hadi Jumamosi alijipaka kwa amri ya Mzee Mulei, na Jumapili akakaa nyuma kwa amri ya Mzee Mulei, pembeni mwa jamaa aliyekuwa amekamatwa akikoroga pombe haramu. Kwaya ikiimba, aliuma ulimi. Mara nyingi aliwaza kutubu, amalize, arudi. Kilichomzuia ni kwamba hakujua atubu nini hasa. Hakuwa tayari kusimama mbele za Mungu na kusema jambo ambalo yeye mwenyewe halielewi.

Basi ikafika wakati wa kupiga video. Sauti zilikuwa zimeshanaswa studio tangu zamani, kabla ya mambo ya hoteli, na wimbo wa kuchimba maji ndio uliokuwa wa kwanza. Kilichobaki kilikuwa picha: kwaya isimame mahali penye kijani, wimbo uchezwe kwenye spika, watu wafumbue midomo kuufuata. Mzee Mulei alikuwa amemwajiri Muktar, mpiga video kutoka Mwingi aliyejulikana kote kwa harusi na kwaya.

Mzee alimfuata Nzisa pale mezani pake.

"Jumamosi hutakuja dukani. Utaenda na kwaya Kiboko."

"Nitaimba?"

"Utapaka. Huyo Muktar anasema bila poda nyuso zinang'aa kwenye kamera kama sufuria. Na hao akina mama hawajui hata kushika brashi."

"Nipake kwaya, Mzee?"

"Hiyo ni kazi. Nitakuhesabia ni siku ya kazi."

Alienda. Wenzake wa karibu walimuuliza baadaye kwa nini alikubali, na jibu lake lilikuwa la kweli: alitumaini. Alidhani kwamba sauti yake ikitoka kwenye spika na pale mbele hakuna mtu, wangeona aibu, wangemwita. Hakufikiri kwamba pale mbele kulikuwa na mtu tayari.

Kiboko kulikuwa na maji na miti mikubwa ya migunga, na kijani ambacho Wote haikuwa imekiona tangu mvua za mwaka uliopita. Akina mama wa kwaya walikaa kwenye viti vya plastiki wakiwa na magauni yao ya samawati, na Nzisa akapita kwa mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa Kathini, mama mtu mzima wa sauti ya pili, rafiki yake wa siku nyingi.

"Nipake vizuri," Kathini alisema, amefumba macho. "Baba Mwau akiniona kwenye TV aulize, huyu mama ni wa nani, naweza kupata namba yake?"

"Nyamaza, mdomo unatikisika."

"Unanitekenya! Kumbe dhambi ina manyoya hivi?"

Wakacheka wote. Hata Nzisa alicheka, lakini kicheko hicho hakikumfika tumboni. Mzee Mulei alikuwa akipita katikati ya viti, mikono nyuma, akikagua. "Huyu ongeza. Midomo haionekani. Ongeza midomo." Alisema hivyo, yeye mwenyewe, kwa kinywa kilichomhukumu, na hakuona tofauti yoyote.

Wa mwisho kukaa kitini alikuwa Ndinda, binti ya Mzee, msichana wa chuo aliyejiunga na kwaya juzijuzi. Gauni lake halikuwa la samawati. Lilikuwa jeupe, na gauni jeupe ni la mwimbishaji.

Nzisa alisimama na sponji mkononi.

"Dada Nzisa," Ndinda alisema kwa sauti ndogo, "ni Baba amesema. Mimi sikuomba."

Nzisa alilowesha sponji. Alimpaka. Alifanya kazi safi kuliko zote za siku hiyo, kwa maana hakuwa mtu wa kumharibia mtoto uso ili kumkomoa baba yake. Alimaliza kwa mdomo, akarudi nyuma hatua chache.

Muktar akawasha spika. Sauti ya Nzisa ikatoka chini ya miti ile, kubwa, pana, ikiita maji kutoka mchangani. Na kinywa kilichofunguka kilikuwa cha mwingine.

Mtu aliyewahi kuibiwa mbuzi anajua uchungu wa kumkuta kwenye zizi la jirani. Lakini mbuzi anaweza kuwekewa alama. Nzisa alisimama na brashi zake akisikiliza koo lake likitumiwa mbele ya macho yake.

"Simamisha!" Muktar aliita. "Dada, umechelewa. Tuanze tena."

Wakaanza tena. Ndinda alichelewa tena. Akajaribu kuwahi, akawahi mno; mdomo ukafunguka kabla ya neno, ukafungwa neno likiwa bado linaendelea.

"Simamisha! Dada yangu, mara mdomo unafika stesheni gari limeshaenda, mara gari halijafika." Muktar alijipangusa jasho. "Wewe wimbo huu uliurekodi kweli? Mtu hawezi kusahau anapovuta pumzi mwenyewe."

Nyani mmoja aliruka kutoka tawi hadi tawi.

"Mwenye sauti yuko wapi?" Muktar aliuliza. "Mleteni asimame hapo tumalize. Jua linaniacha."

"Ndiye huyo," Kathini alisema, akionyesha kwa kidevu.

Muktar alimtazama Nzisa, akatazama brashi. "Huyu anayepaka?"

"Hayo ni mambo ya kanisa," Mzee Mulei aliingilia. "Wewe piga picha." Kisha akamgeukia Nzisa na kusema kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi, "Nzisa, hebu keti na Ndinda kidogo. Mwonyeshe mahali unapovuta pumzi."

Mpaka pumzi. Uso alishauchukua, akaupangia saa za kuvaliwa na saa za kuoshwa. Wimbo alishauchukua. Mahali pake alishampa mwanawe. Sasa alitaka na ile hewa. Nzisa alijua vizuri sana alipovuta pumzi katika wimbo ule. Aliivuta katikati ya neno, mahali ambapo hakuna mwalimu wa muziki angekubali, kwa sababu alipoutunga alikuwa anapanda kilima na mtungi, na pale ndipo mlima uliposimama wima na mukwa ukakaza shingo.

Ndipo alipotulia.

"Hiyo siwezi kumpa, Mzee."

"Unasemaje?"

"Nimesema siwezi. Nimewapaka, sawa. Pumzi sitoi."

"Unaringia sauti ambayo ni ya Mungu?"

"Kama ni ya Mungu, mwombeni yeye awaonyeshe ilipo pumzi."

Kathini alijifunika mdomo kwa kitambaa, akaharibu rangi yote. Mzee Mulei alimsogelea Nzisa, na upole ukamwisha.

"Sikiliza. Video hii itazinduliwa mbele ya wageni, na mchungaji mpya atakuwepo. Kabla ya uzinduzi utasimama, utatubu, nyumba isafishwe. Usipotubu, jina lako litatolewa kanisani. Na likitolewa, sijui pale dukani kwangu utasimama na uso gani."

"Hawa mama wote wamepakwa rangi, Mzee. Na wao watakaa nyuma?"

"Hapa ni kazi ya Bwana!"

Nzisa alifunga mkoba wake wa vipodozi, akatembea mpaka barabara kuu, akasimamisha gari. Nyuma yake alisikia wimbo wake ukianza upya, na Muktar akiita wasimame.

Wiki zilizofuata alifika kazini kila siku. Alijipaka, akanawa, akakaza akili yake kwenye swali moja, atubu nini hasa. Hakutaka kulia mbele ya kanisa, na hakutaka kutukana. Kuondoka angeweza, makanisa ni mengi. Lakini kwa nini aondoke yeye? Mahali pale mbele palikuwa pake, na aliyepachafua hakuwa yeye.

Jumapili ya uzinduzi kanisa lilijaa mpaka dirishani. Wageni walikuja kutoka Kitui, skrini nyeupe ikatundikwa ukutani, na kwaya ikaketi na magauni yake. Mchungaji Kyule alikuwa amehamia hivi karibuni kutoka Zombe. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo, mwenye sifa ya kutopendelea mtu. Ya sinki la dukani hakuyajua, wala ya Kiboko. Aliambiwa tu kwamba kuna dada atatubu kuhusu kujipaka.

Nzisa alikwenda mbele akiwa na kitambaa cheupe kichwani. Akapewa maikrofoni.

"Mchungaji, nimekuja kutubu. Lakini sitaki kutubu nusu. Nina swali."

"Uliza, mama."

"Nilijipaka rangi nikaenda hotelini kumuaga mwenzangu. Dhambi ilikuwa hoteli ama ilikuwa rangi?"

Watu walicheka kidogo. Mchungaji hakucheka. "Kumuaga mwenzako ni vizuri. Hapa kanisani fundisho letu ni kwamba uso uachwe ulivyoumbwa. Ni rangi."

"Na nikijipaka kazini kwa sababu mwajiri ameamuru?"

Mzee Mulei alikohoa kwenye kiti cha mbele. Mchungaji Kyule hakugeuka.

"Mwajiri si Mungu. Dhambi haina saa za kazi."

"Amina!" watu wakaitikia.

"Na nikimpaka mtu mwingine?"

"Hapo umebeba yako na yake."

"Amina!"

"Na mtu anayetoa amri tupakwe?"

"Mama, huyo mzigo wake ni mkubwa kuliko wako."

"Basi nimeelewa." Nzisa alipumua. "Natubu. Zote natubu, ya hotelini, ya kazini, na ya watu niliowapaka kwa mikono hii. Kuanzia leo sitajipaka wala kumpaka mtu, dukani wala nje. Nyinyi wote ni mashahidi."

Kanisa likasema amina, na sauti nzito iliyochelewa kidogo kusema ilikuwa ya Mzee Mulei, maana watu walikuwa wanamtazama. Mchungaji akamwombea, akamshika mkono, akamrudisha kwenye kwaya mbele ya wote. Kathini akasogea ampishe.

Kisha taa zikazimwa na skrini ikawaka.

Uso wa Ndinda ukajaa ukuta mzima. Midomo ilikuwa myekundu, nyusi nyeusi, wanja umekolea. Nyuma yake safu ya akina mama wa samawati, wote wamepakwa, wote wanayumba chini ya migunga. Na sauti ikaanza, na mdomo ukachelewa.

"Hiyo ni sauti ya Nzisa!" nyanya mmoja alisema kwa nguvu, kama wanavyosema watu wasiosikia vizuri. "Mwaitu, mama yangu, na huyo ni nani amemmeza Nzisa?"

Kicheko kilichotoka pale hakikuwa cha furaha. Mchungaji Kyule alisimama taratibu. Alitazama skrini, akaitazama kwaya, akamtazama mlezi wa kwaya.

"Mzee Mulei. Hawa mama walipakwa wapi?"

Kathini akasimama. "Kiboko, Mchungaji. Mzee alikuwa anapita akisema tuongeze midomo."

"Zimeni hiyo," Mchungaji alisema.

Ikazimwa. Katika giza lile fupi kabla taa hazijawaka, mtu alikimbia kuelekea mlango wa pembeni. Alikuwa Ndinda. Nzisa alimfuata, akamkuta nyuma ya tangi la maji, uso mikononi.

"Si wewe, Ndinda. Hukuwa wewe."

"Lakini ni uso wangu uliokuwa pale!" msichana alisema. "Walinicheka mimi. Hawakumcheka Baba."

Aliyetoa amri alikuwa bado ndani, ameketi kwenye kiti chenye mto, na aliyetii alikuwa nje akilia. Hasira yake haikupungua, iliongezeka. Alikaa na Ndinda mpaka alipoacha kulia, lakini msichana hakumshukuru, na Nzisa hakutarajia.

Jumatatu alifika dukani na uso wake mtupu. Nthenya alimtazama akapiga mluzi. Mzee Mulei alipita mezani, akarudi.

"Uso uko wapi?"

"Ndio huu, Mzee."

"Unajua sharti la duka."

"Najua. Na wewe unajua nilichosema jana. Ulisema amina. Nilikusikia."

"Naweza kuweka mtu mwingine hapa mbele."

"Weka. Lakini mchungaji akiuliza kwa nini, umweleze mwenyewe."

Siku tatu nne alizunguka meza ile kama mtu aliyepoteza funguo. Hakumfukuza. Wageni wa Kitui walikuwa wamekwenda na habari, na kila mshirika wa kanisa aliyeingia dukani alimtazama Nzisa usoni kwanza, kisha akamtazama Mzee. Hatimaye Mzee alikuja wakati duka likiwa tupu, akaegemea friji na kushusha sauti.

"Nzisa, tusiharibiane. Jipake tu kama zamani. Na ukitoka jioni nenda unakotaka, na uso unaotaka. Mimi sitaona."

Nzisa alimtazama. Kila asubuhi wiki ile mkono wake ulikuwa umeenda kwenye rafu kutafuta ile sponji. Rangi ile aliipenda na bado aliitamani, na yule mwanamke wa kwenye kioo alimkosa. Mtu huyu aliyekuwa akimpa ruhusa kwa kunong'ona hakujua kabisa alichokuwa amemnyang'anya.

"Useme hivyo Jumapili," alimwambia. "Mbele ya walewale. Useme kwamba ulituamuru tujipake hapa, ukatuosha kule nyuma, ukanihukumu kwa rangi yako mwenyewe, ukampa mwanao sauti yangu. Ukishasema, mimi na mchungaji tutajadiliana kama rangi ni dhambi au si dhambi. Hilo nitalimaliza naye, kwa sababu yeye anasema neno moja kila mahali."

"Kuna mambo si ya kusema mbele ya watu."

"Basi na mimi kuna mambo sitapaka mbele ya watu."

Mlangoni alikuwa ameingia mama mmoja na mumewe, wamesimama wakishangaa ukubwa wa sofa. Nzisa aliondoka pale kwenye friji, akawaendea na uso wake mtupu uliokuwa unang'aa kwa jasho, akawakaribisha wakae.